Mlango wa Mashine ya Mawese

Asubuhi zetu za Kasongo zilikuwa na sauti tatu: adhana, kengele ya misheni, na randa ya baba. Tulipoisikia hiyo ya tatu, mama alikuwa amekwisha kuamka zamani, na pipa la ngazi, yaani matunda ya mchikichi, lilikuwa linachemka uani. Mimi nilifagia maranda, nikanawa miguu, nikakimbia shule ya masista nikinuka mawese. Wenzangu walinitania, "Sidonie, leo umejipaka mafuta ya kupikia?" Sikujali. Leo, na mvi zangu zote hizi, nikiisikia harufu ile naona hamu ya kurudi uani kwetu.

Ulikuwa mwaka 1956, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yangu, Théophile, alikuwa seremala, na fahari ya nyumba yetu ilikuwa mashine yake ya kukamua mawese. Lilikuwa pipa la mbao lililofungwa kwa mikanda ya chuma, na juu yake parafujo kubwa yenye mpini mrefu. Wanawake walitia ngazi zilizochemshwa na kutwangwa, wawili wakazungusha mpini, na mafuta mekundu yakachuruzika chini. Parafujo hiyo baba hakuibuni yeye. Alifundishwa na Mzee Bulaimu, mhunzi wa Kabambare. Kwa sababu hiyo, kila alipomaliza mashine mpya, chupa ya kwanza ya mafuta ilipelekwa kwa Mzee Bulaimu. Mafundi wote waliopita mikononi mwa mzee yule walifanya hivyo, na mara nyingi mimi ndiye niliyefunga chupa kwa majani ya mgomba.

Mashine ile ilikuwa na ubaya mmoja. Mafuta yakiisha kutoka, makapi yalibaki ndani yakiwa ya moto, na mtu aliyachokoa kwa mkono. Siku moja mama aliungua mpaka kwenye kiwiko. Baba akarudi kwenye randa yake. Wiki nzima alikata, akachonga, akatupa, akaanza tena. Mwishowe akatengeneza mlango mdogo ubavuni mwa pipa, uliofungwa kwa kabari ya mbao. Ukiigonga kabari, mlango unafunguka na makapi yanaanguka yenyewe. Mama alipouona, alicheka na kulia kwa pamoja.

Mwalimu mmoja ndiye aliyetueleza kwamba serikali hutoa hati kwa mtu aliyevumbua chombo kipya. Hati hiyo waliiita breve. Baba alikwenda kuuliza habari zake, na karani mmoja akamcheka mbele ya watu, akisema vyombo huvumbuliwa Ulaya. Baba alirudi nyumbani na karatasi ya maombi mkononi, amekaza midomo.

"Sidonie," akaniambia, "wewe unajua Kifaransa. Andika. Nataka karatasi moja tu yenye jina langu, ule karani aione. Sema juu ya mulango. Mulango tu, basi."

Nilikaa na kalamu. Mlango tu? Nilijiuliza nani huko Léopoldville, kwenye makao ya serikali, atampa mtu hati kwa ajili ya kijilango. Nilimpenda baba yangu, na nilikuwa na hasira na yule karani. Basi nikaandika kwamba Théophile wa Kasongo amevumbua mashine yote, tangu parafujo mpaka pipa, na kwamba inafanya kazi nyingi za ajabu kwa namna iliyo bora kabisa. Karatasi ya maombi ikauliza kama kuna mtu aliyetangulia kutengeneza chombo kama hicho. Nikaandika: hakuna. Kisha nikamsomea baba kwa Kiswahili mambo ya mlango, kana kwamba ndiyo niliyoyaandika. Akatia sahihi yake polepole, herufi moja moja, huku ulimi umetoka kidogo.

Baada ya miezi mitatu jibu likaja na lori la posta. Baba alinikabidhi bahasha bila kuifungua. Mama alisimama karibu, mikono imejaa unga.

Barua ilisema hivi: dai moja halieleweki, kwa kuwa maneno "kazi nyingi" na "namna bora kabisa" hayaonyeshi mashine inafanya nini. Dai jingine limekataliwa, kwa kuwa mashine ya parafujo na pipa ilikwisha kuandikishwa na mtu mwingine miaka kumi na tisa nyuma. Waliambatanisha hata picha yake. Mwombaji alipewa siku sitini za kusahihisha. Zikipita, ombi lake litafungwa.

"Inasema nini, mama?" baba aliuliza. Aliniita mama kila alipokuwa na furaha.

Nikaikunja barua. "Wanasema… tungoje, baba. Bado wanatazama."

"Hawakukataa!" Akapiga makofi, akamgeukia mama. "Umesikia, Victorine?"

Niliificha barua chini ya mkeka wangu. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu siku. Baba aliwaambia wateja kwamba jina lake liko Léopoldville linatazamwa, nao wakampongeza, nami nikatafuta kazi ya kufanya mbali na pale. Uongo wangu ulikuwa mmoja tu mwanzoni, na sasa ulikuwa umezaa.

Siku ya hamsini baba alimaliza mashine mpya. Akajaza chupa ya kwanza, akasema, "Kesho tunakwenda Kabambare, mimi na wewe. Nataka Mzee Bulaimu aisikie habari ya breve kwa mudomo wangu."

Tulipanda lori la mchele, tukafika tumejaa vumbi mpaka kwenye kope. Mzee Bulaimu alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye mashimo ya cheche kwenye shati lake lote. Alichovya kidole katika chupa, akalamba.

"Iko muzuri," akasema. "Ila wewe, Théophile, utanimaliza kwa mafuta! Ile parafujo mimi pia niliiona kwa Wazungu wa kampuni, nikaiiga. Na mimi kila mwaka ningewapelekea chupa, kama wangeipokea." Akacheka. "Lakini ule mulango, bwana, nimetembea mpaka Salamabila, sijauona. Ule njo wako mwenyewe."

Hapo nikaangua kilio. Walidhani nimeumwa na kitu. Nikasema yote, mbele ya wote wawili: mlango niliouacha, maneno niliyoyapamba, barua iliyo chini ya mkeka na siku zake sitini.

Baba aliiziba chupa polepole, bila kunitazama. Ningependa anipige kuliko kukwepa macho yangu vile.

"Zimebaki siku ngapi?" akauliza mwishowe.

"Tisa, baba."

"Basi simama. Lori linarudi leo."

Nyumbani mama aliisikiliza habari yote bila kunikatiza. Kisha akakunja mkono wa nguo yake, akaliweka kovu lake mbele ya karatasi yangu.

"Andika kilichonichoma," akasema. "Halafu andika kitu gani kinazuia kisinichome tena. Usiongeze chumvi."

Nikaandika: pipa na parafujo si kazi ya mwombaji. Kazi yake ni mlango wa ubavuni, wenye upana wa viganja viwili, unaofungwa kwa kabari ya mbao. Kabari ikigongwa, makapi hutoka bila mtu kutia mkono. Ilikuwa mistari michache tu. Safari hii baba alinitaka nimsomee kila neno la Kifaransa na maana yake, moja moja, na sikumlaumu. Alipotia sahihi, aliipeleka barua mwenyewe, akasimama pale mpaka lori la posta lilipoondoka.

Hati ilifika mwanzoni mwa mvua. Ilimpa baba mlango ule tu, na jina lake liliandikwa juu kwa herufi nzito. Karani aliyemcheka ndiye aliyelazimika kuipiga muhuri na kumkabidhi. Nilitaka baba amjibu neno, lakini alisema asante, akavaa kofia yake.

Njiani nilimwuliza kama hakusikitika kupata kitu kidogo hivyo.

"Sikiliza, mutoto wangu," akasema. "Ulitaka kunipa nyumba nzima, lakini nyumba ile iko na mwenyewe. Ningeingia humo kama mwizi, siku yoyote wangenitoa. Mulango mumoja ulio wangu unanitosha. Mutu aseme kilicho chake, akiseme wazi, na cha mwenzake akiache na jina la mwenzake."

Jioni ile alijaza chupa mbili. Moja tuliifunga kwa ajili ya Mzee Bulaimu, kama kawaida. Ya pili alimpa mama, akamwambia, "Hii ya mwalimu wangu wa mulango." Mama aliipokea kwa mkono wake ule wenye kovu.