Sura ya Andongwisye

Siku hiyo Enesi alikwenda sokoni kununua uzi mweusi na vifungo, basi, hakuwa na shughuli nyingine. Tunduma ya mwaka sabini na saba mnaijua wenyewe: malori yamepanga mstari hadi huko, makuli wanatukanana, wanawake kutoka ng'ambo ya Zambia wanasalimia "Mulishani, mulishani," vumbi limepanda mpaka kwenye kope. Katikati ya makelele yote hayo Enesi akakuta mahali penye kimya. Watu kama thelathini walikuwa wamezunguka kitu, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Akajipenyeza. Kijana mmoja alikuwa ameketi juu ya kreti, ubao magotini, kichwa chini. Mbele yake mzee amefumba macho anasema polepole: "Paji lilikuwa pana. Jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Mdomo wa chini umejaa, kama mtu anayetaka kununa." Mkaa ulikuwa unakwenda juu ya karatasi bila kusita. Kijana hakumwangalia mzee hata mara moja. Alipomaliza akaigeuza karatasi.

Mzee akafumbua macho. Hakulia wala hakucheka. Alivua kofia.

"Shikamoo, baba," alisema.

Watu wa mbele walirudi nyuma hatua mbili, Enesi mmoja wao.

"Baba yake amekufa lini?" alimuuliza jirani yake, Marita, ambaye palipo na jambo hakosekani.

"Kabla ya Uhuru! Na picha hakuwahi kupiga. Mwenzangu, mimi hapa nywele zimenisimama."

Kijana aliinua uso. Alivaa shati la kola ndefu na suruali ya bugaluu iliyopauka, kofia ya kazi ya Kichina ameishusha hadi kwenye nyusi, na ndevu zimemea ovyo kama mahindi yaliyopandwa na mtu mwenye haraka.

"Dada wa gauni la maua," alisema, "na wewe una wako?"

"Nani kakwambia mimi natembea na maiti?"

"Umekaza macho hivyo kwa ajili ya mkaa tu?"

Watu wakacheka. Enesi akaona aibu, akaondoka mbio, na ule uzi akausahau.

Lakini alikuwa naye, wake. Aliitwa Andongwisye. Walioana kijijini Ihanda, yeye binti wa miaka kumi na tisa, wakakaa pamoja masika moja tu, kisha mume akavuka mpaka kwenda migodini. Picha yake pekee aliondoka nayo kwenye pasi. Mwaka wa tatu ikaja barua: shimo limewafunika, wamezikwa hukohuko. Ndugu wa mume walipotaka kumrithisha Enesi kwa shemeji, mama mkwe wake, Mama Ketrina, alisimama mlangoni akasema, "Huyu ni binti yangu, si mbuzi wa mirathi." Wakafunga mizigo wawili, wakaja Tunduma. Enesi akaweka cherehani kwenye baraza ya duka, Mama akawa anapika. Kila jioni Mama alisema sentensi ileile: "Ningepata hata picha yake, ningemzika."

Na Enesi alikuwa na siri. Alikuwa ameisahau sura ya mumewe. Yalianza kupotea masikio, halafu mdomo, halafu siku moja akamtafuta Andongwisye kichwani asione kitu, kiza kitupu. Utamwambiaje mama mtu jambo kama hilo? Mama aliyewaacha ndugu zake kwa ajili yako? Alinyamaza, na kunyamaza kukawa desturi.

Kwa hiyo alipokwenda kumtafuta yule mchoraji kesho yake, alikwenda na moyo unadunda. Alijua hana maneno ya kumpa.

Jina lake lilikuwa Lusungu, Mndali wa Ileje. Kila jioni, wiki nzima, alikuja barazani kwenye cherehani, akaketi, akainamisha kichwa.

"Kuna masharti mawili," alisema. "La kwanza, fumba macho. La pili, usiseme uongo. Ukisema uongo mkono wangu unakataa."

"Unakataa vipi?"

"Unakufa ganzi. Sikutanii."

"Nani kakufundisha uchawi huu?"

"Mchina mmoja mzee, kambini, tulipokuwa tunajenga reli. Kila Jumapili alimchora mkewe bila picha. Aliniambia kitu cha ajabu: 'Mimi nazeeka, yeye kwenye karatasi kila mwaka anakuwa msichana zaidi.' Pale kambini tulizika watu, Enesi. Nikisikia udongo unaangukia jeneza najiuliza, sasa ile sura imekwenda wapi? Tangu hapo siwezi kuacha. Nisipochora naona kama nimewaacha watu mvuani."

Enesi alifumba macho, akaanza kusema. Na maneno yakaja! Yeye mwenyewe alishangaa. Mashavu yalikuwa yameinuka hivi. Nyusi zinakaribiana akiwaza. Akitaka kucheka, upande mmoja wa mdomo unatangulia. Lusungu alichora, mkono ukatiririka, haukufa ganzi hata siku moja. Kati ya neno na neno wakazoea kutaniana. Lusungu akileta ndizi za kuchoma, Enesi anamshonea kifungo, na watu wa barazani wakaanza kuwaita mtu na mkewe.

"Ukimaliza hii picha hutakuja tena," Enesi alimwambia siku ya mwisho.

"Nitakuja. Nitasema nimepotewa na mkaa."

"Na ukiupata?"

"Mpenzi, mimi nikitaka kupoteza kitu hakionekani."

Picha ilipofika nyumbani Mama Ketrina aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu mno. "Ndiye," alisema. Basi. Aliipaka chokaa ile nyumba ya udongo ndani na nje, akaomba zulia la kuazima, akaitundika sebuleni. Nyumba ilibadilika. Mama aliyekuwa hasemi akawa anasema kutwa, ila anasema na picha: unga umeisha, Andongwisye, mvua zimechelewa, Andongwisye. Asubuhi aliiwekea kikombe cha chai. Jioni aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, akatembea kwa kunyata. "Amelala," alimwambia Enesi.

Mwili ukimsisimka Enesi alijiambia ni furaha ya mzee, mwache. Lakini yeye mwenyewe hakuitazama ile picha. Alipita sebuleni macho chini. Alihisi inamjua.

Miezi mitatu Lusungu alipotewa na mkaa, kila jioni anakuja kuutafuta barazani. Nyumbani kwa Enesi hakuwahi kukanyaga, kwani mwanamume hajiingilii tu nyumbani kwa mjane. Lazima kwanza ajitambulishe kwa mkubwa. Hatimaye wakakubaliana Jumapili, baada ya ibada. Siku hiyo Lusungu alikwenda kwa kinyozi akanyoa ndevu zote. Alivaa koti la kuazima na viatu vya raizoni vyenye soli nene, kofia ameishika mkononi kwa heshima. Akabisha hodi.

Mama Ketrina ndiye aliyefungua. Alisimama. Alimtazama. Halafu akamshika mashavu kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Mbona umechelewa hivi?" alisema. "Chai yako inapoa kila siku."

Marita, aliyekuwa amekuja kuonja wali wa watu, aliangalia mlangoni, akaangalia ukutani, akapiga ukelele. "Hee! Ametoka! Ametoka kwenye picha!" Akapita dirishani, na nawaambieni Marita hakuwa mwembamba.

Ndipo Enesi, kwa mara ya kwanza, akaitazama ile picha sawasawa. Kisha akamtazama Lusungu. Mashavu yaleyale. Nyusi zilezile. Hata upande wa mdomo. Baridi ikamwingia tangu nyayo.

"Umejichora," alisema kwa sauti ndogo. Halafu ikawa kubwa. "Umejichora mwenyewe! Umeingia nyumbani kwangu na sura ya marehemu!"

"Enesi, mimi sura yangu siijui! Kioo changu ni kipande cha kutosha jicho moja. Nimechora ulichosema!"

"Toka!"

"Nisikilize kwanza..."

"Nimesema toka, Lusungu!"

Alitoka. Mama Ketrina alimfuata hadi njiani anamwita kwa jina la mwanawe, na Lusungu, maskini, hakujua ageuke au asigeuke. Usiku ule alipanda treni kwenda Mbeya.

Toka hapo nyumba ikawa haikaliki. Mama aliacha kuifunika picha. Alipika sahani tatu. Mlango hakutaka ufungwe. "Alikuja mara moja, atakuja tena," alisema, na chakula chake mwenyewe hakukigusa. Siku ya nne alisimama kwa kushika ukuta. Marita alishauri picha ichomwe moto. Mama akaishusha ukutani akaikumbatia, akakaa nayo hivyo, na Enesi akaona wazi kuwa mama huyu atakufa akiwa amemkumbatia mtu asiye mwanawe. Na ukweli wa kumwokoa alikuwa nao yeye peke yake. Ila ukweli huo ungemnyang'anya Mama wote wawili, mwana na binti.

Alikwenda posta. Watu wa barazani walimwambia Lusungu anachora ukuta wa hoteli moja Mbeya, na hoteli hiyo ilikuwa na simu.

"Mbeya! Mbeya, mnanisikia?" opereta alipiga kelele. "Haya dada, ongea, dakika tatu."

"Lusungu?"

"Enesi." Sauti ilikuwa mbali, inakwaruza. "Mama hajambo?"

"Hali chakula. Anakungoja wewe."

"Haningoji mimi."

"Lusungu, niambie kweli. Mkono wako haukukataa?"

"Haukukataa. Ungekuwa uongo ungekataa. Nimelifikiri jambo hili hata silali. Enesi, ulifumba macho?"

Waya ukavuma.

"Dakika moja imebaki," opereta alisema.

"Sikufumba," Enesi alisema. Machozi yalianza kumtoka palepale kaunta, watu wanamtazama. "Siku ya kwanza tu nilifumba. Kulikuwa na kiza, Lusungu, sikuona kitu. Nikafumbua. Ulikuwa umeinama, kofia imesogea, ukawa unacheka peke yako. Nikasema nilichokiona. Nilimsahau, nikakutazama wewe, nikakupenda, nikadhani namkumbuka yeye!"

Opereta alipenga kamasi.

"Na mimi nakupenda, mpenzi wangu," Lusungu alisema. "Lakini siingii tena mlango ule kwa jina la mtu mwingine. Mwambie Mama. Ukishamwambia, niite, nitakuja hata kwa miguu."

"Atanifukuza."

"Muda umekwisha," alisema opereta. Kisha akaongeza kwa upole, "Kamwambie, dada. Mficha uchi hazai."

Mama Ketrina alikuwa sakafuni, picha kifuani. Enesi alipiga magoti. Alijaribu kuzunguka, akashindwa, akasema tu.

"Mama, huyo si Andongwisye. Ni Lusungu, fundi aliyeichora. Mimi nilimsahau mume wangu. Miaka mingi sasa. Nisamehe. Ukitaka niondoke, nitaondoka leo."

Mama alikuwa anapapasa fremu kwa kidole. Nje lori liliunguruma likapita.

"Masikio yake yalikuwaje?" Mama aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Na mimi sijui."

Enesi aliinua kichwa.

"Nimemzaa," Mama Ketrina alisema, "nimemnyonyesha, na sijui. Sura yake ilinitoka kabla hata hatujahama Ihanda. Mama gani anasahau sura ya mwanawe? Nilikuogopa wewe, Enesi. Nilisema huyu mke ndiye anayemkumbuka, nikikaa karibu naye mwanangu yupo. Ulipoileta picha nilisema ndiye. Ningesemaje? Kisha akabisha hodi, na mimi nikaona afadhali mwenye uso kuliko asiye nao."

Wakatazamana wanawake wale wawili, miaka yote hiyo kila mmoja akimngojea mwenzake awe ndiye anayejua. Ndani ya nyumba hiyo hapakuwa na Andongwisye popote. Enesi alihisi kuogopa kweli, woga wa mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Walishikana wakalia hadi Marita akaja kuuliza kama kuna msiba.

"Upo," alisema Mama. "Wa zamani."

Lusungu alifika na treni ya Jumamosi. Safari hii alisema jina lake mlangoni, lote, na la baba yake, na kijiji chake cha Ileje. Mama akampa mkono.

"Nitaifuta ile picha," Lusungu alisema.

"Usifute. Mpelekee mama yako Ileje. Ana picha yako?"

"Hana."

"Basi ampate wake angali hai." Mama akaketi kwenye benchi. "Mimi nina kitu kimoja cha kukupa, sijui kama kinachoreka. Siku aliyoondoka tulimsindikiza hadi njia panda. Uso wake umenitoka, lakini mgongo ninao. Ndicho kitu cha mwisho nilichokiona kwake. Bega la kulia lilishuka."

"Kwa sababu ya sanduku," Enesi akadakia. "Alilibeba upande huo."

"Sanduku la bati. Na shati..."

"La kaki, lina kiraka."

"Nilikitia mimi," alisema Mama. "Na hakugeuka nyuma."

"Hakugeuka, Mama."

Wote wawili walikuwa wamefumba macho. Lusungu alichora mpaka jua likashuka, na mkono haukusita. Alipoigeuza karatasi palikuwa na barabara, umande kwenye majani, na kijana anayekwenda zake, bega moja chini. Hakuna aliyeuliza kama ndiye. Kwa muda mrefu walikaa wakiitazama, na Enesi alijikuta amebana pumzi kwa hofu kwamba atageuka.

Mama Ketrina alisimama, akaenda karibu.

"Nenda salama, mwanangu," alisema. "Sikukuaga vizuri."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga, akamgeukia Lusungu.

"Na wewe, siku ile ulikuja kusema nini?"

"Nilikuja kumwomba Enesi, Mama."

Mama alimtazama binti yake. "Sura ya huyu unaikumbuka?"

"Naikumbuka, Mama."

"Hata akienda mbali?"

Enesi angeweza kuapa, ulimi hauna mfupa. Aliwahi kuapa hivyo Ihanda, akiwa na miaka kumi na tisa, na aliapa kwa moyo wake wote.

"Hapo sijui, Mama," alisema. "Ndiyo maana sitaki aende."

Mama Ketrina akasogea kwenye benchi, akampa Lusungu nafasi ya kukaa.