Sindano ya Tisa

Pamba iliniishia jioni ile. Kitu kidogo tu, pamba! Ningekuwa mtu wa kupanga mambo mapema, leo nisingekuwa na haya ya kusimulia.

Mimi ni mchoma sindano. Si sindano za hospitali, hapana. Ni zile za tiba ya Kichina, nyembamba kama unywele, unazozichoma mwilini na kuziacha dakika ishirini zifanye kazi yake. Mtaani wananiita Mama Sindano, na watoto wakiniona wanatimua mbio. Wacha watimue. Sina uso wa kubembeleza watu.

Kliniki yangu ni chumba kimoja chenye vitanda viwili na pazia katikati. Kwenye kitanda cha ndani jioni ile alikuwa amelala dada yangu. Kiharusi kilimpiga miezi saba iliyopita, kikamwachia upande mmoja tu wa mwili. Mkono wa kulia haukusogea tena, na neno halikumtoka. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki. Kwa hiyo kila siku, mteja wa mwisho akishaondoka, shemeji alimleta, nami nikamchoma sindano kumi na moja, kisha nikaukodolea macho ule mkono. Kidole kimoja tu, nilimwomba Mungu. Kimoja!

"Shemeji, siku huu mkono ukiamka, ngumi ya kwanza ni yangu," shemeji alizoea kutania. "Siku ile alipoanguka alikuwa amenikasirikia vibaya sana."

Jioni ile pia tukacheka, akaenda zake sokoni. Nikamchoma dada zote kumi na moja, ndipo nikafungua kopo la pamba. Tupu.

Marehemu mwalimu wangu alinifundisha kazi hii miaka sita, na alikuwa na sheria tatu. Hesabu unapochoma, hesabu unapochomoa. Usimwache mgonjwa peke yake na sindano mwilini. Na ukichomoa, bonyeza pamba, uzibe. "Kila tundu ni mlango," alikuwa akisema. "Ukiuacha wazi, hujui nani atatoka wala nani ataingia." Mimi niliona ni maneno ya wazee tu. Nilikuwa naziba kwa mazoea, kama mtu anavyofunika chungu.

Duka la dawa halikuwa mbali. Nikaitegesha ile saa yangu ya kuhesabia dakika, nikachukua mkoba.

"Dada, nakuja sasa hivi."

Macho yake yalinifuata hadi mlangoni. Yalisema usiende. Nikaenda.

Niliporudi giza lilikuwa linaingia. Mlango nilioufunga ulikuwa wazi kidogo...

Harufu ndiyo iliyonipokea. Mafuta ya mashine. Na chini yake, udongo mbichi.

Pazia nililoliacha wazi lilikuwa limevutwa. Kwenye kitanda cha mbele, mtu alikuwa amelala kifudifudi. Shati jeupe, nywele nyingi za mvi.

"Tumefunga," nikasema kwa ukali.

"Najua," akajibu, uso umezama kitandani. "Hata Jumanne ile ulikuwa umefunga."

Nikaushika mlango.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana hili sijawahi kumwambia mtu. Sauti ile niliijua. Ilikuwa ya Fundi Saa, mzee aliyetengeneza saa pale kwenye kona, mkabala na mlango wangu. Hata hiyo saa yangu ya dakika ni yeye aliyeifufua. Alikuja kwangu na maumivu ya kichwa, nikamchoma sindano tisa, mbili zikiwa kisogoni, ndani ya nywele. Nilipokuwa nachomoa, simu ikalia. Shemeji. Dada ameanguka, hasemi, haamki... Nikamwambia mzee inuka, tumemaliza, nikatoka mbio bila hata kuvua koti la kazi.

Usiku ule nilihesabu sindano kwenye kisahani. Nane. Nikahesabu tena. Nane.

Daftarini nikaandika tisa.

Nikajiambia imeanguka sakafuni, nikafagia, sikuiona. Siku ya tatu, Jumanne, nikamwona mzee dirishani akivuka barabara, mkono kisogoni. Ningefungua mlango, yale yangekwisha kwa dakika moja! Lakini nilifikiria mtaa mzima ukinicheka. Mama Sindano anasahau sindano kwenye vichwa vya watu. Nikazima taa, nikakaa chini nyuma ya meza.

"Hodi," akabisha. "Mama Sindano, umefunga?"

Aliuliza mara tatu. Wiki iliyofuata wakamzika. Presha, walisema watu wake. Huenda. Sindano nyembamba vile haiui mtu. Nimejiambia hivyo kila siku kwa miezi saba.

Sasa alikuwa kitandani kwangu.

"Nilizitoa zote," nikanong'ona. "Daftari linasema tisa."

"Daftari halina kisogo, Mama Sindano."

Jamani, njia ya mwongo ni fupi! Nilitaka kukimbia. Lakini nyuma ya pazia nikasikia dada akigumia, mgumio ule wa mtu asiyeweza kuita. Kumfikia dada ilibidi nipite pale kitandani. Na sikuwa tayari kumwacha mara ya pili.

Nikafanya ninachokijua. Nikamshika mkono, vidole vitatu juu ya kifundo, nisikilize mapigo. Ulikuwa baridi kama sakafu. Nikabonyeza polepole, kisha kwa nguvu.

Hakuna.

"Umesikia?" akauliza kwa upole. "Basi itoe. Nimechoka kushikiliwa."

Nikatenganisha nywele zake. Chembe za udongo zikaniingia kwenye kucha. Na pale, chini kidogo ya fuvu, nikaigusa. Kimkia kidogo cha chuma. Miezi yote saba... Nikavuta. Haikuja. Nikavuta tena, na nikahisi kitu upande wa pili kinaikamata, kama mtu anayekataa kuachia kamba. Kisha ikachomoka.

"Tisa," nikasema.

Alishusha pumzi ndefu, ndefu mno. Hakukutoka damu. Ulitoka upepo mwembamba, wa baridi, ukanipiga kwenye kiganja.

"Ziba," akanong'ona.

Pamba! Pakiti ilikuwa mkobani, haijafunguliwa. Nikaivuta, nikaing'ata kwa meno, nailoni ikakataa kuchanika.

"Ziba... ziba upesi..."

Kidole gumba changu kingetosha. Nawaapia, kingetosha! Lakini sikuthubutu kuligusa tundu lile. Nikaendelea kuhangaika na nailoni kama mwendawazimu, na pazia likatikisika, polepole, kama linavyotikisika mtu akipita.

Krrrrrr!

Saa ya dakika. Ishirini zimetimia.

Kitanda kilikuwa kitupu. Shuka halikuwa na hata mkunjo. Mkononi nilikuwa na sindano nyeusi kwa kutu.

Nikalirarua pazia nimfikie dada. Alikuwa amekodoa macho, jasho linamtiririka. Nikachomoa nikihesabu kwa sauti, naziba kila tundu kwa pamba niliyoipata hatimaye. Moja. Mbili. Nane. Tisa. Kumi...

Kumi.

Ya kumi na moja ilikuwa juu ya shuka. Ilikuwa imejitoa yenyewe kwenye mkono wa kulia, kati ya kidole gumba na cha shahada. Tundu lake lilikuwa wazi. Sijui lilikuwa wazi tangu saa ngapi.

Nikalibonyeza kwa nguvu zangu zote. Na chini ya pamba, mkono wa dada yangu ukasogea.

Shemeji aliingia wakati huohuo na kikapu chake. Aliona, kikapu kikamponyoka, vitunguu vikatapakaa chumba kizima. "Unasogea! Mama watoto, unasogea! Ngumi yangu iko wapi?" Alilia kama mtoto, akanikumbatia, akanibusu mikono hii.

Haikuwa ngumi. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimekutana, vikisuguana, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Taratibu. Kwa ustadi. Dada yangu alikuwa mshonaji wa nguo. Hajawahi kuushika mkono wake vile maishani. Lakini mimi nilimtazama mzee yule dirishani kwa miaka. Ndivyo alivyojaza saa ufunguo.

Leo ni wiki ya tatu. Mtaa mzima unaniimba, foleni asubuhi inafika barabarani. Shemeji anawaita majirani waje waone mkono. Hawaoni mkono wa kushoto, jinsi unavyoukandamiza ule wa kulia kwenye godoro ili utulie. Hawaoni macho ya dada yanavyonifuata.

Najua la kufanya. Sindano moja, palepale, halafu nichomoe na kuliacha tundu wazi mpaka mzee atoke. Ila mkono nao utakufa tena, hilo pia nalijua. Kila jioni naishika sindano. Kila jioni shemeji anasema, "Tazama, shemeji, tazama unavyopata nguvu!" Nami naiweka chini. Nilimwomba Mungu kidole kimoja. Mungu anisamehe, siwezi kukirudisha.

Jana dada alitamka neno lake la kwanza tangu kiharusi. Shemeji alianguka magoti kwa furaha, akataka alirudie, na alilirudia. Mara tatu. Mimi nilikuwa mlangoni, nimewapa mgongo, mkono wangu uko kwenye swichi ya taa.

"Umefunga?" aliuliza.