Weka Simu, Quinton

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi yoyote pale Sigalame. Mihogo imeanikwa, kuku wanafukuzwa, na jirani yetu Quinton Oundo anaosha gari la kukodi, Probox, huku simu iko sikioni. Quinton ni ajenti wa kupitisha mizigo mpakani Malaba, na simu kwake ilikuwa kama kiungo cha mwili. Aliingia nayo chooni, akitoka anachukua andazi kwa mkono uleule. Nisifiche: alikuwa akitutia kinyaa hata kabla ya mambo haya.

Mkewe, Edinah, alikuwa amezikwa mwezi uliotangulia. Walikuwa wakienda Malaba mchana kweupe, na karibu na Adungosi, mahali malori hupanga foleni ukingoni, gari lao likaingia chini ya mkia wa trela. Liliingia kwa upande wa kushoto, alikokaa Edinah. Polisi walimwuliza Quinton kama alikuwa ameshika simu, maana sheria haimruhusu dereva kushika simu gari likienda. Akaapa kwamba simu ilikuwa mfukoni. Akasema Edinah ndiye aliyevuta usukani, kwa wivu wake. Wakweze kutoka Moding waliinamisha vichwa kwa aibu, wakamzika binti yao hapa Sigalame kama mtu aliyejiua.

Lakini Edinah hakutulia. Senge Teresa, shangazi yake Quinton, alimwota amesimama kando ya barabara pale Adungosi, nywele zimejaa vipande vya kioo, akisema hana wa kumpeleka nyumbani. Kwa Senge, aliyefia barabarani lazima aendewe. Tawi hupitishwa mahali alipoangukia, anaitwa kwa jina, kisha analetwa hadi kaburini kwake. Njiani hakuna kuongea na mtu wa nje mpaka mfike uani, na mume ndiye anayemkaribisha. Asipokaribishwa, atatangatanga milele.

Mchana wa Jumamosi ile Quinton alimpeleka Senge Adungosi, naye akapitisha tawi juu ya lami ambayo bado ilikuwa na doa. Akaita jina. Kisha akaketi kiti cha nyuma, tawi mapajani. Kiti cha mbele kiliachwa wazi, na Senge mwenyewe alikuwa amekifunga mkanda.

"Zima hiyo simu," alinong'ona. "Leo tu, mwanangu."

Quinton aliitikia kwa kichwa. Hakuzima. Kulikuwa na kontena linamsubiri getini, kwa hiyo aliiweka kwenye mtetemo na kuibana chini ya paja. Sikio la kufa halisikii dawa.

Walipita Busia salama. Walipouacha mji na kushika barabara ya Funyula kurudi nyumbani, simu ikatetemeka. Ikanyamaza. Ikatetemeka tena. Mkono wa Quinton ulishuka wenyewe kama ulivyozoea, akaiweka sikioni.

Ilikuwa vuguvugu. Ilikuwa imelowa.

"Hello?"

Kitu kizito kikamtiririka shingoni hadi ndani ya kola. Kilinuka damu iliyolala juani, na ndani ya harufu hiyo akayatambua mafuta ya nywele ya Edinah. Kwenye simu aliisikia sauti yake mwenyewe ikicheka, ikimwambia mtu, "Boss, hiyo kontena usijali, niko njiani." Nyuma ya kicheko, sauti ya mwanamke.

"Weka simu, Quinton."

Aliijua sauti. Aliyajua na maneno. Akataka kuitupa simu dirishani lakini vidole havikufunguka. Kiganjani ilikuwa laini kama ini bichi. Ilikuwa inapumua. Akajitapikia kifuani huku gari likiendelea kwenda.

Mbele kulikuwa na kizuizi cha polisi. Askari wa trafiki, mwanamke wa makamo, alimpungia asimame kando. Aliinama dirishani, akaziba pua, akamwuliza kama hajui ni kosa kuendesha gari ameshika simu. Kisha akatazama kiti cha mbele, na sauti yake ikashuka.

"Na huyu mama ameumia hivi, mbona humpeleki hospitali?"

Quinton hakugeuka. Hapo ndipo angejiokoa. Kweli moja tu ingetosha.

"Simu si yangu, afande," alinong'ona, nayo imemgandia mkononi. "Ni yake. Yeye ndiye alikuwa anaongea."

Askari akatazama tena kitini. Akarudi nyuma polepole, akapiga ishara ya msalaba, akawafungulia njia bila kudai leseni. Gari lilipoanza kwenda, mkanda wa kiti cha mbele ulifyatuka wenyewe.

Nyumbani watu walikuwa wakingoja uani, Okwi, kaka yake Edinah, akiwa mbele ya watu wa Moding. Senge alishuka amelishika tawi kwa mikono miwili, limekuwa zito kama mtoto aliyelala. Akamsogelea Quinton ili amkaribishe mkewe. Quinton akafungua kinywa.

Sauti ilitoka kiganjani.

Sote tuliisikia. Kicheko chake. Kontena. "Weka simu, Quinton. Quinton, lori!" Kishindo cha chuma. Halafu kimya kirefu, na ndani yake, kitambaa kinasugua kioo cha simu. Kinasugua kwa makini. Karibu yake mwanamke anavuta pumzi kwa shida.

"Nipe mkono," alisema Edinah.

Na Quinton akamjibu, "Nyamaza kwanza."

Kitambaa kikaendelea kusugua.

Okwi hakumpiga. Alitema mate chini, akalipokea tawi kutoka kwa Senge, akamwita dada yake kwa Kiteso na kumpeleka mwenyewe hadi kaburini. Alipolilaza tawi juu ya udongo, vidole vya Quinton vikafunguka na simu ikaanguka. Tangu siku hiyo Senge hajamwota Edinah tena. Watu wa Moding walirudi kwao vichwa vimeinuka.

Fundi wa simu sokoni aliifungua simu ile mbele yetu. Ndani kulikuwa na damu iliyokauka mpaka kwenye betri. Alisema haijawaka tangu siku ilipolowa, wala haiwezi. Nasi tulimwona Quinton akiongea nayo mwezi mzima, akicheka, akiaga. Hatujui alikuwa akiongea na nani.

Kiganjani amebaki na alama nyeusi ya pembe nne, upana wa simu, nayo haikauki. Ameisugua kwa majivu, ameisugua kwa mafuta ya taa. Kanisani, wakati wa kutakiana amani, watu huficha mikono. Jumapili iliyopita Senge Teresa alimwonea huruma, akampa wake. Alipofika nyumbani alikuta unywele mrefu umejiviringa kwenye kidole chake, na katika unywele huo kipande cha kioo, bado kina joto.