Magitaa Matatu na Nafasi ya Katikati

Bisha. Bisha sasa hivi, mapema, halafu nikimaliza tuone kama utaingia bafuni ukafunga mlango. Shule niliiacha njiani, tukaachana kwa amani, lakini kusimulia najua, na hili silisimulii kwa kubahatisha. Lilimkuta kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, fundi pikipiki ambaye mtaa mzima unamwita Nyuzi kwa sababu ya gitaa lake. Mimi sikuwepo. Alinieleza mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana, jua la kupasua vichwa. Nyuzi anaishi kwa bibi yetu, na stoo ya bibi ameigeuza studio. Usicheke, alikuwa ameifanyia kazi: magodoro mawili ukutani, mablanketi darini, godoro la tatu kalipigilia mlangoni. Hata kishikio cha mlango, kile cha upande wa ndani, alikuwa amekifungua akakitupa, maana kila akipiga uzi mnene kilikuwa kinatikisika na kuingia kwenye maiki kama meno ya mtu mwenye homa. Akitaka kutoka, anachomeka bisibisi kwenye tundu, anazungusha, mlango unafunguka. Bisibisi hukaa juu ya spika. Siku zote.

Wiki moja kabla alikuwa amerekodi kipande alichokuwa akikipiga marehemu babu. Alikipiga mara tatu, gitaa juu ya gitaa. Masikio ya bibi yanamwishia, na Nyuzi alitaka akisikie kabla hayajaziba kabisa. Asubuhi hiyo bibi alibandika sikio kwenye spika, akakunja uso.

"Mjukuu wangu, mbona magitaa yako yanagombana? Yote yanaropoka kwa pamoja. Silisikii hata moja."

"Nitayaamua, bibi. Nipe mpaka jioni."

"Jioni nitakuwa kiziwi."

Basi Nyuzi akajifungia. Simu aliiacha sebuleni, kwa mazoea, ili isimpigie kelele kazini. Akavaa hedifoni, akafumba macho. Gitaa la kwanza akalisukuma lote kushoto. La pili, lote kulia. La tatu, lile lenye sauti nyembamba, akalipunguza besi, akalirudisha nyuma. Ugomvi ukaisha. Kila gitaa likapata mahali pake, na katikati pakabaki peupe, kama kiti ambacho mtu kaondoka sasa hivi.

Ndipo akasikia kitu kimekaa pale.

Mwanzoni alidhani ni mguu wake, akipiga sakafu wakati wa kurekodi. Du. Du. Du. Akanyamazisha gitaa la kushoto. Du. Akanyamazisha la kulia. Du. Akanyamazisha la tatu. Sasa kompyuta haikuwa na kitu cha kupiga, lakini kile kimstari cha kijani kinachopima sauti kiliendelea kuruka.

Vishindo tisa. Kisha sauti ya mtu, imekauka, iko karibu sana na maiki.

"Bibi! Nifungulie, bibi! Nakufa humu!"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Nyuzi hajawahi kusema maneno hayo. Wiki ile alirekodi mlango ukiwa umeegeshwa, bibi akipepeta mchele nje, yeye mwenyewe akicheka. Akavua hedifoni. Akageuka kwenye spika.

Bisibisi haikuwepo.

Akatafuta chini ya meza. Ndani ya boksi la gitaa. Mifukoni. Akachomeka kidole kwenye tundu, kikatoka na damu. Akajaribu funguo ya pikipiki, ikateleza. Bibi alikuwa nyuma ya ukuta, hatua kumi tu, na mlango ungefunguka kwa mkono wa mtoto. Kwa nje.

Alitaka kugonga. Ngumi ikaishia hewani.

Maana alielewa. Akigonga, anakuwa yule wa kwenye rekodi. Vishindo tisa, halafu yale maneno. Na baada ya maneno, hakujua kuna nini. Hakuwa amesikiliza mpaka mwisho.

Akakaa sakafuni. Jasho. Hewa ikawa nzito, ina harufu ya magodoro. Akanong'ona, "Sigongi." Magodoro yakaimeza sauti kabla haijafika sikioni mwake. Saa nane ikapita. Saa tisa. Kifua kikaanza kubana. Kutoka kwenye hedifoni zilizolala mezani, alisikia mtu anahema. Anahema kama yeye. Yeye akibana pumzi, yule anaendelea.

Akagonga.

Hakuhesabu. Mkono ulikoma wenyewe, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Bibi! Nifungulie, bibi! Nakufa humu!"

Saa kumi mama mdogo, anayeishi na bibi, alirudi, akaja kuchukua ndoo, akafungua mlango.

"We! Mbona umelowa hivyo? Na hizo ngumi umezichuna wapi?"

Nyuzi alimpita bila salamu. Kipande bibi hakukisikia. Jumatano masikio yaliziba.

Hapo ndipo huwa naishia, na watu hunipigia makofi. Leo acha nimalize.

Nilikuwepo. Niliingia akiwa amefumba macho, hedifoni masikioni, nikaokota bisibisi, nikatoka nikinyata, nikafunga mlango taratibu. Utani tu, dakika tano. Nikaenda kutazama mpira. Nikasahau. Nikasahau kaka yangu.

Baadaye nilisikiliza rekodi peke yangu, mpaka mwisho. Baada ya maneno ya Nyuzi kuna kimya kirefu. Halafu vishindo vinaanza upya, na safari hii anayelia, anayemwita bibi, anayeapa hatarudia tena, ni mimi.

Sijawahi kufungiwa mule. Nyuzi amehama. Ule mlango niliung'oa kwa mikono yangu, nikaupasua, nikauchoma mpaka godoro lake. Stoo sasa haina mlango.

Lakini kwenye rekodi, kabla sijaanza kugonga, unasikika ukifungwa. Taratibu.