Barua Isiyo na Salamu

Mwaka 1999 Balbina alikuwa karani wa zahanati moja hapa Ifakara. Kila asubuhi alipiga deki, kisha akachapa majina ya wagonjwa wa kifua kikuu waliokosa kuja kuchukua dawa. Kadi walikaa nazo wagonjwa wenyewe. Orodha ilikuwa ndani ya kompyuta tu. Kwa orodha hiyo, mhudumu Beno alipanda baiskeli kuwafuata vijijini.

Siku moja ilikuja barua pepe yenye jina la Kristina, rafiki yake wa Dar es Salaam. Ilikuwa ya Kiingereza, fupi: nimepata barua yako, fungua kiambatisho. Kristina huuliza hata habari za kuku. Safari hii hakusalimu. Balbina akadhani ni msiba, maana kwao habari ya kifo haingoji salamu. Akafungua haraka.

Ndani hapakuwa na kitu. Aliporudi kwenye orodha, aliikuta tupu.

Fundi wa kompyuta, Elineema, alikuja, akachomoa kwanza waya wa simu ulioingiza barua pepe. Hakumkaripia. Alimvutia kiti.

“Dada, hiki ni kirusi,” alisema. “Ni programu ya kuharibu. Kimeingia kwenye kompyuta ya Kristina, kikajituma chenyewe kwa watu wake. Yeye hajui.”

“Lakini jina ni lake.”

“Jina ni lake, maneno si yake. Ukiona hivyo usifungue. Mpigie simu umuulize.”

Akamwonyesha pia kunakili orodha kwenye disketi kila jioni, na kuitunza kabatini.

Bila orodha, Beno alizunguka vijiji vya Mofu na Mbingu, akiuliza nyumba kwa nyumba. Wengi aliwapata. Kwa Shilinde, mfugaji wa Mbingu, alifika siku ya kumi na tisa. Alikuta amezikwa juzi yake. Mjane alimpa maziwa, akamuuliza mbona safari hii amechelewa.

Balbina alikwenda mwenyewe kumjibu.

“Shikamoo, mama. Ni mimi niliyepoteza jina lake.”

Mama akamsogezea mkeka.

Baada ya mwezi ilikuja barua pepe kwa jina la Padri wa parokia yao, yenye kiambatisho. Balbina hakukigusa. Alipiga simu. Padri alisema hajaandika chochote, Balbina akaifuta.

Kesho yake Beno aliondoka na orodha kamili. Alikuwemo Oliva wa Mofu, aliyekosa dawa wiki mbili. Beno alimkuta amelala, hana nguvu za kuinuka. Akamshika kichwa, akammezesha dawa. Oliva yupo hai.