Dola 950 za Mtu wa Kupima Hewa

Kulikuwa na maneno kazini kwetu kwamba handaki namba tatu linalaza watu.

Si usingizi wa kawaida. Unaingia mzima, miguu inakuwa mizito, unainama kidogo upumzike... basi.

Nilijaribu kuyapuuza maneno hayo, yakakataa kunitoka. Leo nayaandika nikiwa nimekaa pembeni ya mwanangu, namsubiri akumbuke kijiko kinaitwaje.

Naitwa Eufrosina. Shule niliishia la sita huko kwetu Guanajuato, kwa hiyo mnisamehe mwandiko. Mwaka wa kumi na tisa huu nachuma uyoga hapa Pennsylvania. Uyoga unaota kwenye mboji, na mboji inapikwa kwanza kwenye mahandaki. Ni vyumba virefu vya zege, vina feni kubwa chini ya sakafu. Ile feni ndiyo pumzi ya handaki. Bila feni, mboji inakula hewa yote.

Hilo la mwisho nimelijua juzi. Miaka kumi na tisa nilikuwa silijui.

Binti yangu Yaretzi ana kampuni ndogo ya video. Ni yeye, kamera mbili, na mtu wa sauti anaitwa Wendell. Walikuwa wanapiga harusi na sherehe za mabinti wanaotimiza miaka kumi na tano. Mwezi wa pili, kampuni yetu ya uyoga ikatafuta mtu wa kuwatengenezea video ya kuwaonyesha wanunuzi. Nikampigia chapuo mwanangu kwa kila bosi niliyekutana naye kwenye korido.

Jumapili akaja kwangu na bajeti. Mimi nipo jikoni na maharage yangu.

"Mama, hebu niangalizie. Wewe unapajua pale."

Nikafuta mikono, nikasoma. Siku mbili za kupiga, kamera, taa, Wendell, kuhariri, chakula, bima. Jumla dola elfu kumi na nane na mia nne. Katikati kulikuwa na mstari mmoja sikuuelewa. Mtu wa usalama mwenye kipimo cha hewa, dola 950.

"Huyu ni nani?"

"Anasimama tunapopiga, anapima hewa. Akisema tokeni, tunatoka."

"Mwanangu, nipo pale tangu hujabalehe. Sijawahi kuona mtu anapima hewa."

Akacheka. "Mama, huo ni mstari wa kukatwa."

"Ndiyo nini hicho?"

"Mteja lazima akate kitu, ajisikie ameshinda. Sasa sisi tunamwekea cha kukata, ili asiguse kamera. Na kiwanda kama kile kina watu wake wa usalama. Wakimkata huyu, wataleta wa kwao."

"Wasipomkata?"

"Anakuja. Hakuna hasara."

"Na huyo mwenzako wa Philadelphia anayegombea kazi hii, kaweka bei gani?"

"Nitajuaje?"

"Basi toa hicho. Utaonekana ghali bure, wakukimbie kabla hata hawajashika kalamu."

"Mama na ubahili wako... Haya, nimekusikia. Geuza maharage, yanaungua."

Jamani, mnaosoma hapa, nataka niseme ukweli. Wakati namwambia vile, yale maneno ya handaki nilikuwa nayo kichwani. Nikafunga mdomo. Niliogopa akisikia ataingiwa na hofu, aiache kazi.

Kazi akaipata. Nilipika tamale, ile mikate yetu ya mahindi ya mvuke, nikaalika mtaa.

Wiki moja kabla ya kupiga, tukiwa chumba cha kubadilishia nguo, Chayo akanivuta pembeni. Chayo ni shoga yangu, tunachuma mstari mmoja.

"Frosina, umesikia? Juzi wamemtoa mtu namba tatu akiwa hoi."

"Nani?"

"Wa zamu ya asubuhi. Eti alikuwa na njaa."

"Labda kweli njaa."

"Njaa gani inamkamata mtu handaki moja tu? Mwambie mtoto wako."

"Kuna watu wa usalama, bwana."

"Watu wa usalama ndio nani? Yule anayegawa glavu?"

Nikacheka naye. Nilipofika nyumbani nilishika simu mara mbili... nikairudisha mezani.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Bosi mkubwa alitakiwa aongee mbele ya mlango wa handaki namba tatu, mvuke unatoka nyuma yake. Yaretzi akaweka taa ndani, hatua nne hivi kutoka mlangoni, ule mvuke ung'ae. Ilipendeza kweli. Mimi nilisimama pembeni na kikapu cha uyoga, zamu yangu ya kupigwa picha ilikuwa inafuata.

Wendell akavua vile vya masikioni. "Sauti haifai. Tuzimieni hiyo feni."

Yaretzi akamgeukia Heliodoro, msimamizi wa mahandaki.

"Kwenu ni sawa?"

"Kama kwenu ni sawa."

Hayo tu. Msimamizi aliamini watu wa video wamekuja na mtu wao. Mwanangu aliamini kiwanda kina wa kwao.

Wendell akazima, akatundika funguo za gari lake kwenye swichi. Ni desturi yao watu wa sauti, wakizima kitu cha wenyewe wanaacha funguo pale, wasije wakaondoka bila kukiwasha. Nikasema moyoni, hawa watu wako makini.

Bosi akaanza. Akakosea. Akaanza tena, akakosea jina la kampuni yake mwenyewe. Watu wakacheka, akafutwa jasho, akanywa maji. Mara ya tano. Mara ya tisa. Dakika ishirini na tano, na mle ndani kimya.

"Imetoka safi," Yaretzi akasema. "Ngoja nichukue taa."

Akaingia.

Nilimwona anainama, kama anafunga kamba za viatu.

Hakuinuka.

Kikapu kilianguka, nikakimbia. Heliodoro akanidaka kiunoni mlangoni kabisa.

"Niachie."

"Ukiingia mtakuwa wawili."

"Ni mwanangu, Heliodoro."

"Najua. Ndiyo maana nimekushika."

Nilimng'ata mkono mpaka nikasikia ladha ya damu. Hakuniachia. Namwona mwanangu pale, hatua nne, nywele zake zimemwagika kwenye zege. Feni ikawashwa, lakini hewa haiji kwa kasi unayoitaka wewe. Mpaka mtu mwenye mtungi wa hewa mgongoni alipofika akamtoa, zilikuwa zimepita dakika saba.

Aliamka siku ya tatu. Daktari alisema ubongo ulikosa hewa. Mimi ananijua. Mikono inatetemeka, kamera haishiki tena. Na maneno yanampotea... anakitazama kitu, anajua kazi yake, jina haliji.

Nilivimba kwa hasira. Siku ile jikoni nilidhani Yaretzi amenipuuza, kwa hiyo mstari ule kampuni ndiyo iliyoukata. Nikaenda ofisini kwa Bi Hostetter wa manunuzi, yule anayepitisha bajeti zote. Sikubisha hodi.

"Mlimkata mtu wa kupima hewa. Dola mia tisa na hamsini tu, mkaona mwanangu hafiki bei hiyo."

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai."

Akafungua faili, akanigeuzia karatasi. "Hii ndiyo bajeti aliyotuletea. Nionyeshe nilipokata."

Nikasoma kwa kidole. Siku mbili. Kamera. Taa. Wendell. Kuhariri. Chakula. Bima. Jumla elfu kumi na saba, mia nne na hamsini.

Mtu wa hewa hakuwepo. Hakuwahi kuwepo kwenye karatasi ile.

"Hatukukata hata senti," Bi Hostetter akasema taratibu. "Mimi mwenyewe nilishangaa hajaweka mtu wa usalama. Halafu nikasema, mama yake anafanya kazi hapa. Watakuwa wameshaongea."

Nilikaa.

Sisemi kampuni haina kosa, inalo, na mwanasheria anashughulika nalo. Ila mteja hakukata mstari ule. Niliukata mimi.

Yaretzi hajawahi kunilaumu. Sijui ni kwa upendo, au siku ile ya bajeti nayo imempotea. Naogopa kumuuliza.

Kwa hiyo, kina mama wenzangu, na nyie vijana mnaopiga video za makampuni, shikeni haya:

Msiweke uhai wa mtu kuwa mstari wa kukatwa. Kama mnataka cha kukatwa, wekeni chakula.

Msikubali jibu la "kama kwenu ni sawa". Ulizeni mtu wa usalama anaitwa nani, na yuko wapi sasa hivi.

Msizime mashine kwa ajili ya sauti bila kujua inafanya kazi gani.

Msiingie kumfuata aliyeanguka. Hata kama ni wako.

Msimshauri mtoto kwa sababu tu mmekaa mahali miaka mingi. Mimi nilikuwa nimekaa. Nilikuwa sijui.