Dawa ya Macho Kutoka Bungoma

Mwezi wa kumi na moja, Kitale huwa na vumbi la mahindi. Mahindi yamekauka, na mashine za kupukuchua zinanguruma kutoka shamba moja hadi jingine. Hesbon Wepukhulu alifanya kazi kwenye mashine moja kama hizo. Ilivutwa na trekta, ikazunguka mashamba ya Endebess. Kazi ya Hesbon ilikuwa kumwaga mahindi kwenye mdomo wa mashine. Kila jioni alirudi nyumbani Matisi akiwa mweupe, hata nyusi.

"Baba amekuwa babu!" binti yake Nekesa alimcheka.

Mke wake, Wilkista, alimpa maji ya kuoga. Kisha walikula ugali na mboga, wakalala.

Jumatatu moja, kipande cha gunzi kiliruka kutoka kwenye mashine. Kikampiga Hesbon kwenye jicho la kushoto. Alilisugua kwa mkono wenye vumbi, akaendelea na kazi.

Alipofika nyumbani, jicho lilikuwa jekundu. Lilitoa machozi bila kukoma.

"Baba Nekesa, twende hospitali," Wilkista alisema.

"Ati hospitali? Kwa sababu ya gunzi? Kesho tunaanza shamba kubwa. Nikikosa, wataweka mtu mwingine."

Asubuhi jicho lilikuwa limevimba. Hesbon alifunga kitambaa kichwani, akaenda kazini hivyo hivyo.

Wilkista hakuweza kutulia. Alimkumbuka mama yake, Rosaline, aliyeishi Bungoma. Mwaka uliopita Rosaline alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Daktari alimpa dawa ya matone, na sasa aliona vizuri. Siku hiyo hiyo Wilkista alienda Bungoma.

Rosaline alifungua sanduku lake. Akatoa chupa mbili ndogo zilizofungwa kwenye leso.

"Hii dawa ni mzuri sana, mwanangu. Si unaona nasoma Biblia mwenyewe? Beba hii moja. Hii ingine ibaki hapa."

"Asante, mayi."

"Mwambie mkwe wangu atapona. Nitamwombea."

Jioni ile Wilkista alimtia Hesbon matone mawili. Kesho yake akatia tena, na tena. Siku ya Alhamisi wekundu ulipungua. Maumivu pia yalipungua.

"Mama yako ni daktari, bana," Hesbon alisema, akacheka. Wilkista naye alicheka. Moyo wake ulikuwa mwepesi.

Jumamosi maumivu yalirudi. Safari hii yalikuwa makali zaidi. Hesbon hakuweza kutazama mwanga wa mlango. Wilkista alimfungua jicho kwa vidole, akaangalia. Juu ya ile sehemu nyeusi kulikuwa na doa jeupe, dogo kama punje ya mtama. Aliogopa. Akaongeza dawa. Kila Hesbon alipolia, aliongeza matone.

Jumatano jirani yao, Sharifo, alimkuta Wilkista akifua kitambaa chenye usaha.

"Huyo bado anaumwa? Unamtia nini?"

"Dawa ya mama yangu."

Sharifo aliweka ndoo yake chini. "Wilkista, usingoje hata dakika. Leo wale watu wa macho wako ukumbini, karibu na msikiti. Wanafundisha wauza dawa. Mpeleke sasa hivi."

Watu wa macho walikuwa watatu. Sumeya alikuwa tabibu wa macho. Kibe alikuwa mpimaji wa macho na mtengenezaji wa miwani. Nabwile alikuwa nesi kwa miaka mingi, sasa alikuwa mshauri wa wagonjwa na familia zao. Kazi yao ilikuwa kufundisha watu kutunza macho. Walizunguka mashuleni, kwenye maduka ya dawa na mashambani, kutoka Kitale hadi Bungoma.

Hesbon alipoingia akishikwa mkono, Sumeya aliacha kufundisha. Alimkalisha kitini, akamulika jicho kwa tochi ndogo. Alitazama kwa muda mrefu.

"Aliumia lini?"

"Siku tisa zilizopita," Wilkista alijibu.

"Mmetia nini?"

Wilkista alitoa chupa mfukoni. Sumeya alisoma maandishi. Hakumkaripia. Aliinua simu, akapiga hospitali.

Wakiwa njiani kwenda hospitali, Wilkista alimuuliza Sumeya, "Daktari, si hii ni dawa ya hospitali?"

"Ni dawa ya hospitali, mama. Kwa mama yako ilikuwa nzuri. Hupunguza uvimbe baada ya upasuaji. Lakini mzee wako alikwaruzwa na gunzi. Unaijua ile kuvu inayoshika mahindi yasiyokauka?"

"Naijua."

"Gunzi linaweza kuibeba hadi ndani ya jicho. Jicho hupigana nayo. Ule wekundu na yale maumivu ni dalili ya vita hivyo. Dawa hii hulifanya jicho liache kupigana. Mtu anaona wekundu umeisha, anafikiri amepona. Kumbe kuvu inakula."



Hospitalini walichukua uchafu kidogo kwenye kidonda, wakaupima. Ilikuwa kuvu. Hesbon alitiwa dawa nyingine kila saa. Siku ya nne jicho lilitoboka. Daktari wa upasuaji alisema halingeweza kuokolewa. Likibaki, litamletea maumivu na hatari zaidi. Wakaliondoa.

Sumeya alitoka nje, akasimama karibu na bomba la maji. Lilikuwa jicho la nne kupotea tangu mavuno yaanze.

"Tunafundisha, tunafundisha," alimwambia Nabwile. "Wanatufikia jicho likiwa limeoza."

Nabwile aliingia wodini.

Hesbon alilala akitazama ukuta. Wilkista aliketi kando yake, chakula kikipoa mikononi. Simu yake ikalia. Alikuwa mama yake.

"Mwanangu, dawa ilisaidia? Mkwe wangu amepona?"

Wilkista aliangalia bandeji ya mume wake.

"Amepona, mayi."

"Nilijua tu! Mungu ni mwema."

Alikata simu, akafunika uso kwa kanga. Nabwile alikuwa amesikia yote. Alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Sikuweza kumwambia," Wilkista alisema. "Yeye alitoa dawa kwa upendo. Na mimi ndiye niliyeitia. Mikono yangu hii. Nikimwambia atakufa kwa uchungu."

Nabwile alimwacha alie. Kisha akauliza polepole, "Mama Nekesa, ile chupa nyingine iko wapi?"

Wilkista aliinua uso. "Iko kwa mama," alisema, akasimama.

Kesho yake Wilkista, Nabwile na Kibe walifika Bungoma. Rosaline aliwaona kutoka mbali. Alipiga vigelegele, akaanza kumkimbiza kuku wa kuwachinjia.

"Wageni wa kutushukuru hao! Karibuni!"

"Mayi, wacha kuku," Wilkista alisema. "Njoo ukae."

Alimwambia yote palepale uani. Rosaline aliketi chini, kwenye udongo. Kisha akashika kichwa.

"Uwi! Nasimiyu!"

"Nasimiyu ni nani?" Kibe aliuliza.

"Jirani. Jani la muwa lilimkwaruza jicho juzi. Jana nimempa ile chupa. Nilimwambia imeponya mkwe wangu."

Kibe hakungoja maelezo zaidi. Alichukua mkoba wake, wakaenda mbio. Nasimiyu alikuwa jikoni, jicho limefungwa, chupa iko juu ya meza. Alikuwa ametia mara mbili tu. Kibe alimtia tone la rangi linaloonyesha kidonda, akamulika. Mkwaruzo ulikuwapo, mdogo bado.

"Usitie hii tena," alisema. "Usitie maziwa, wala maji ya majani, wala dawa ya mtu mwingine. Twende kliniki ya macho leo. Sio kesho."

Kliniki walimpima, wakampa dawa ya kidonda chake. Alirudi kuonwa kila walipomwita. Baada ya wiki tatu kidonda kilikuwa kimepona. Alimpigia Wilkista simu.

"Nimeona hadi kifaranga kule nyuma ya miwa," alisema.

Wilkista alifurahi. Baada ya simu aliingia chumbani, akalia tena.

Rosaline naye hakuwa Rosaline wa zamani. Aliacha kwenda kanisani. Mwezi wa kwanza alisafiri hadi Matisi, lakini hakuingia nyumba ya mkwe wake. Kwa desturi yao, mama mkwe haingii humo. Alisimama nje, mbali na mlango, macho yakitazama chini. Hesbon alitoka.

"Mkwe wangu, nimekuua jicho," Rosaline alisema.



"Mama, mimi nilisugua kwa mkono mchafu. Mimi nilikataa hospitali. Nilikuwa na siku ya kwanza nzima, nikaipeleka kazini." Hesbon alitazama pembeni. "Lakini moyo wangu bado ni mgonjwa. Usiniambie niseme umepona."

"Sitakuambia," Rosaline alisema.

Wilkista alileta kiti nje. Rosaline aliketi, akanywa chai.

Hesbon aliwekewa jicho la bandia. Linafanana na jicho, lakini halioni. Mwanzoni alipomimina chai, ilimwagika kando ya kikombe. Hakuweza kukadiria umbali. Kwa hiyo kazini hawakumruhusu tena karibu na mdomo wa mashine. Siku hizi anashona magunia.

Kibe alimwomba mwenye mashine mara tatu awakinge wafanyakazi wake, ndipo akakubali. Sasa kila mfanyakazi ana miwani ya kujikinga. Kando ya trekta kuna mtungi wa maji safi. Kitu kikimwingia mtu jichoni, hasugui. Anaoshwa kwa maji hayo. Kama jicho limeumia au bado linauma, anapelekwa kliniki siku hiyo hiyo. Mavuno yaliyofuata wafanyakazi wawili walipelekwa. Wote wawili wanaona.

Mwaka huo timu ya macho ilienda mji wa Moi's Bridge kuwafundisha wafanyakazi wa mashine. Sumeya alimwomba Hesbon aje. Hakutaka. Lakini asubuhi ya mkutano alivaa shati safi, akaenda.

Sumeya alieleza mambo yote vizuri. Watu walisikiliza nusu nusu, wengine wakitazama simu. Kisha kijana mmoja aliuliza kutoka nyuma:

"Si siku hizi madaktari wako na mashine? Jicho si linawekwa tu lingine?"

Wengine walicheka. Hesbon alisimama. Aliinamisha kichwa, akatoa jicho la bandia, akaliweka kwenye kiganja. Alitembea nalo hadi mbele ya yule kijana, ili alione vizuri. Kicheko kiliisha.

"Hili ndilo wanaloweka," alisema. "Mtoto wangu ana miaka kumi. Akisimama upande huu wangu, simwoni."

Yule kijana aliinuka, akaenda kwenye sanduku la Kibe la miwani ya kujikinga, akachagua moja, akaivaa.